Stephen Hales

Stephen Hales (17 Septemba 1677 – 4 Januari 1761) alikuwa kasisi wa Kanisa Anglikana na mwanasayansi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kuwa mtu wa kwanza kupima shinikizo la damu, lakini alikuwa pia kati ya waandishi wa mapema waliowaonya wananchi kwamba pombe kali anayokunywa mama mjamzito humdhuru mtoto aliye tumboni.

Maisha

Alizaliwa Bekesbourne, Kent. Baada ya masomo yake Cambridge, mwaka 1709 alikabidhiwa parokia ya Teddington, kijiji kando ya mto Thames karibu na London, akakaa huko hadi kufa kwake. Mwaka 1718 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Utafiti

Mwaka 1727 alitoa kitabu kuhusu jinsi mimea inavyonyonya na kupoteza maji. Kile cha mwaka 1733 kilihusu damu: Hales alikuwa ameunganisha bomba refu la kioo na ateri ya farasi, na damu ikapanda takriban mita 2.5. Baadaye alibuni mitambo ya kuingiza hewa safi katika meli na magereza.

Vita dhidi ya jini

Wakati huo jini ilikuwa rahisi sana London, ikiuzwa hata vichochoroni, na wanawake maskini waliinywa sawa na wanaume. Mwaka 1726 chama cha madaktari wa London kiliwasilisha malalamiko bungeni kwamba pombe hiyo inazalisha watoto dhaifu. Bunge halikuchukua hatua ya maana.

Hales alichagua kusema na wanywaji wenyewe. Mwaka 1734 alichapisha, bila kutaja jina lake, kijitabu cha kuwaonya kirafiki wanywaji wa jini na brandi. Humo alitumia ujuzi wake wa mwili kueleza madhara ya pombe kali. Katika toleo la baadaye aliandika kuhusu akina mama waliozoea vinywaji hivyo: watoto wao mara nyingi walizaliwa wadogo mno, au wamekunjamana kama wazee ingawa hawajamaliza hata siku moja duniani. Kijitabu kilichapishwa tena mara kadhaa.

Sheria ya mwaka 1736 ilidai leseni ya pauni 50 kwa mwaka kutoka kwa wauzaji wa rejareja. Kiasi hicho kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Watu walifanya ghasia, biashara ikaendelea kwa siri, na sheria ikafutwa mwaka 1743. Ile ya mwaka 1751 ilifaulu zaidi.

Onyo la Hales lilikuwa na upungufu mmoja: lililenga pombe kali tu, kwa kuwa bia ilihesabiwa wakati huo kuwa kinywaji cha kawaida cha afya. Leo inajulikana kwamba alkoholi ya kinywaji chochote hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto, na hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama. Dalili alizozigusa zilielezwa kitaalamu na Paul Lemoine huko Nantes, Ufaransa, mwaka 1968, halafu na Kenneth Jones na David Smith huko Seattle, Marekani, mwaka 1973.

Kifo

Hales alifariki akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa katika kanisa lake la Teddington. Mnara wa kumbukumbu yake uko Westminster Abbey.