Bemba Saolona: kahawa, ndege za Scibe na siku soko la Simbazikita lilipoungua

Kwa miaka mingi, kabla M23 haijateka kiwanja cha ndege cha Kavumu mwezi wa Februari 2025, chumvi, sabuni na mchele wa watu wa Shabunda vilikuwa vinapita angani. Barabara ya kutoka Bukavu haikuwa ya kutegemea, basi ndege ndogo zilipanda na bidhaa, zikarudi na kasiterite. Kazi hiyo ya kubeba angani kile ambacho lori limeshindwa ina wazee wake katika Kongo. Mmoja wa wakubwa kati yao ni Jeannot Bemba Saolona, mwenye kampuni ya Scibe Airlift. Vijana wengi wa Kivu wanamjua tu kama baba yake Jean-Pierre Bemba, lakini zamani zile mtoto ndiye aliyejulikana kwa jina la baba.

Alizaliwa mwaka 1942 kule Libenge, kando ya mto Ubangi, jimbo la Equateur. Baba yake alikuwa Mreno, mama yake Mkongomani. Jina lake lilianza kusikika nchi nzima katika miaka ya 1970, pale Mobutu alipotangaza, mwezi wa Novemba 1973, kwamba mashamba na maduka ya wageni yapewe wananchi. Wengi waliopewa mali hiyo waliimaliza kwa muda mfupi. Wengine walikuta duka limejaa, wakauza vilivyokuwa ndani, wakafunga mlango. Bemba hakuwa wa namna hiyo. Biashara aliijua tayari, na kikundi chake cha Scibe kilizidi kukua.

Halafu bahati ikamwangukia kutoka mbali. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapanda duniani kote. Equateur ilikuwa na kahawa, na Scibe ilikuwa mnunuzi mkubwa.

Lakini mwenye kahawa Gemena alikuwa na shida ambayo mwenye kasiterite wa Shabunda anaijua vizuri: mali iko, njia haiko. Barabara walizoacha Wabelgiji zilikuwa zinaliwa na msitu, vivuko vilikuwa vinazama, na mashua za mtoni zilikuwa zinachukua majuma. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 ikazaliwa Scibe Airlift. Ilibeba mizigo na abiria, ikawa na ndege kubwa za Boeing, na kwa watu wengi ikawa njia ya kukwepa Air Zaire, shirika la serikali ambalo abiria alikata tiketi bila kujua kama ndege itakuja.

Bemba mwenyewe alipanda pamoja nayo. Aliongoza Aneza, chama cha waajiri wa Zaire, na alikuwa karibu na Mobutu kiasi kwamba binti yake aliolewa na Nzanga, mtoto wa Rais. Ni vigumu kutenganisha, katika utajiri huo, kilicholetwa na akili ya biashara na kilicholetwa na mlango wa ikulu uliokuwa wazi. Vyote viwili vilikuwepo.

Miaka ya 1990 ndiyo ilibadilisha mambo. Askari walipora Kinshasa mwezi wa Septemba 1991, wakarudia Januari 1993. Air Zaire ikafilisika mwaka 1995. Wakati huohuo Umoja wa Kisovieti ulikuwa umevunjika, na ndege za Antonov pamoja na marubani wake zilikuja Afrika kutafuta kazi kwa bei ya chini. Kampuni ya Zaire haikuhitaji tena kununua ndege. Karatasi yenye ruhusa ya kuruka ikawa na thamani kuliko ndege yenyewe.

Tarehe 8 Januari 1996, Antonov 32 ilijaribu kupanda kutoka kiwanja cha N'Dolo, katikati ya Kinshasa. Ilikuwa imebeba kupita uzito wake. Haikupanda. Ilipita mwisho wa njia ya kurukia, ikaingia katika soko la Simbazikita ikiwa imejaa mafuta. Waliokufa ni zaidi ya 230, wengi wanawake na watoto, na kuna hesabu zinazovuka 300. Marubani wenyewe walitoka wazima.

Hapo ndipo watu walijaribu kujua ndege ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya Moscow Airways. Iliyoipa kazi ni African Air. Ruhusa ya kuruka ilikuwa ya Scibe Airlift, na marubani walikubali mbele ya korti kwamba karatasi hizo ziliazimwa na kwamba walijua safari si halali. Iliandikwa Kahemba, lakini mzigo ulikuwa wa Angola, ambako vita vya Savimbi vilikuwa bado vinahitaji ndege. Marubani wawili Warusi walihukumiwa miaka 2 gerezani. Scibe na African Air zilitozwa dola milioni 1.4 kwa ajili ya familia za wafu na majeruhi. Hata mtu asiyejua hesabu anaona kwamba, kwa wafu peke yao, hizo ni dola 6,000 hivi kwa kila maiti, kabla ya majeruhi kupata chochote.

Scibe haikupona. Kufikia mwisho wa miaka hiyo haikuwa inaruka tena. Soko kando ya kiwanja, hata hivyo, halikwisha: Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilipitiliza pale Goma, ikaingia Birere.

Mzee Bemba alidumu kuliko kampuni yake. Mwaka 1999 Laurent-Désiré Kabila alimfanya waziri wa uchumi na viwanda, wakati ambapo Jean-Pierre alikuwa anaongoza MLC, kwa msaada wa Uganda, kupigana na serikali hiyohiyo. Baba katika baraza la mawaziri Kinshasa, mtoto na waasi Gbadolite. Baadaye alikuwa seneta.

Alifariki Brussels tarehe 30 Juni 2009. Mtoto wake alikuwa amefungwa The Hague tangu mwaka uliotangulia. Majaji wa Korti ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai walimpa ruhusa ya muda mfupi kwenda Ubelgiji kumzika baba yake, chini ya ulinzi, kisha akarudishwa gerezani.