Leo Kanner na Mtoto Aliyehesabu Mistari ya Mahindi

Kila mwaka wanachuo wetu warudipo kutoka mazoezi ya kufundisha katika shule za Kasulu na Kibondo, huja na habari za mtoto mmoja ambaye hakuna andalio la somo lililomfaa. Yupo asiyeitika jina lake wala kumtazama mwalimu usoni. Yupo asiyeweza kukaa kwenye dawati kwa dakika tano. Mmoja huitwa bubu, mwingine mtukutu, na wote wawili hutiwa katika kundi la wasiofundishika. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya daktari Leo Kanner, ambaye maandishi yake ndiyo yaliyoijulisha dunia hali ambayo leo twaiita usonji. Kazi yake ina mafunzo kwa mwalimu, na kosa lake vilevile.

Kanner alizaliwa tarehe 13 Juni 1894 katika kijiji cha Klekotów karibu na mji wa Brody, katika sehemu iliyokuwa chini ya milki ya Austria na ambayo sasa imo Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alisomea udaktari mjini Berlin. Masomo yake yakakatizwa na Vita Kuu ya Kwanza, ambamo alitumika katika jeshi la Austria, akahitimu baada ya vita. Mwaka 1924 alihamia Marekani, akafanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Yankton, South Dakota. Mwaka 1928 alikwenda Johns Hopkins mjini Baltimore, na mwaka 1930 akaanzisha huko huduma ya magonjwa ya akili kwa watoto. Mwaka 1935 alitoa kitabu kikubwa cha Kiingereza juu ya fani hiyo. Katika miaka hiyo hiyo alifichua jinsi wasichana waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili walivyotolewa katika taasisi yao na kugawiwa kwa wenye mali wawe watumishi wa nyumbani. Tangu awali basi alikuwa mtu aliyewatazama wale ambao wengine hawakutaka kuwaona.

Mwaka 1938 aliletewa mtoto wa miaka mitano aitwaye Donald, kutoka mji mdogo wa Forest, Mississippi. Kabla ya mtoto kufika, ilifika barua ya baba yake, kurasa 33 zilizopigwa taipu. Baba hakuandika kwamba mtoto ni mkaidi au mjinga. Aliandika alichokiona: kwamba mtoto alihesabu hadi mia moja akiwa na miaka miwili; kwamba alizungusha vyombo sakafuni kwa furaha kubwa; kwamba aliondokewa na raha utaratibu wa siku ulipobadilishwa; kwamba watu walipoingia nyumbani alikuwa kana kwamba hakuona mtu. Tena alirudia maneno kama alivyoyasikia. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: mtoto aliyezoea kuulizwa kama unataka maji, awapo na kiu husema unataka, wala hasemi nataka.

Kanner aliitumia barua ile kama msingi wa uchunguzi wake. Akaendelea kuwakusanya watoto wa namna hiyo, na mwaka 1943 akachapisha makala juu ya 11, wavulana 8 na wasichana 3. Hakuwa peke yake: Grunya Sukhareva wa Moscow alikuwa amekwisha eleza watoto wanaofanana na hao katika miaka ya 1920, na Hans Asperger wa Vienna akaandika mwaka 1944. Lakini makala ya Kanner ndiyo iliyoenea.

Sehemu inayotuhusu zaidi sisi walimu wa vijijini ni hii. Mwaka 1942 Donald alipelekwa kukaa kwa mkulima mmoja na mkewe, wasio na elimu ya uganga wala ualimu maalumu. Kanner alipokwenda kumtazama mwaka 1945 alistaajabu. Mtoto alipenda mno kupima vitu. Wakamtia katika kazi ya kuchimba kisima, awe anapima kina chake. Alipokusanya ndege waliokufa, walimpa mahali pa kuwazika na kuweka alama. Alipohesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, walimwacha ahesabu huku akilima. Alisoma katika shule ya kijijini iliyompokea jinsi alivyo. Baadaye Donald alihitimu chuo, akafanya kazi katika benki, akafa mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89.

Kanner naye alikosea. Katika maandishi yake aliwaeleza wazazi wengi kama watu wasio na upendo wa kutosha, na wengine wakaikuza hoja hiyo hata mama wengi wakabebeshwa lawama isiyo yao. Mwaka 1969, mbele ya mkutano wa wazazi, aliwaondolea lawama hiyo hadharani. Mwaka 1971 alifuatilia habari za wale watoto 11, akaona kwamba waliofungiwa katika taasisi walififia upesi. Alifariki tarehe 3 Aprili 1981.

Sisi pia tuna deni la namna hiyo. Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja, tulimkuta mvulana aliyepanga vizibo vya soda dirishani muda wote wa somo. Tukampunguzia alama mwanachuo kwa kushindwa kulitawala darasa, tukamwambia mama wa mtoto kwamba amemdekeza. Mama hakujibu. Hatukumwuliza hata swali moja juu ya mwanawe, naye ndiye aliyekuwa na kurasa 33 kichwani.

Ndugu mwanachuo, usonji haupimwi kwa damu. Daktari hutegemea historia ya mtoto na yale yaliyoonekana nyumbani na shuleni. Ndivyo ilivyo pia kwa hali ya kutotulia na kukosa umakini, ambayo ni nyingine, ingawa mtoto mmoja aweza kuwa nazo zote mbili. Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtoto jina lolote, fungua daftari. Andika tarehe, alichofanya, kilichotangulia, na kilichomtuliza. Hakikisha anasikia. Uliza kama nyumbani huzungumza Kiha vizuri, kwa maana mtoto anyamazaye kwa ugeni wa Kiswahili hana ugonjwa. Uliza kama aliwahi kuugua degedege au malaria kali, maana utafiti juu ya watoto wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2006 uliona kwamba baadhi yao dalili zilianza baada ya malaria kali.

Kisha daftari hilo lipitie kwa Mwalimu Mkuu na ofisa wa elimu maalumu wa wilaya, mzazi akiwapo, hadi hospitali. Safari yaweza kufika Maweni mjini Kigoma, Bugando, au hata Muhimbili, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Kibondo. Mzazi anayeuza gunia la maharage kwa nauli hiyo hastahili kufika mikono mitupu. Hata mtu mzima atakayechunguzwa baadaye ataulizwa habari za utoto wake, na huenda mwalimu wa darasa la kwanza ndiye pekee aliyeziandika.

Wala usingoje jibu la daktari ndipo uanze kufundisha. Mkulima yule hakungoja. Vizibo vya soda vyaweza kuhesabiwa, kujumlishwa na kutolewa. Tungeyajua hayo siku ile, somo la Hisabati lingekuwa pale dirishani.