Elie Metchnikoff: Aliyegundua askari wa mwili kwa mwiba wa waridi

Ukichomwa na mwiba leo, kesho yake pale pamevimba, pana joto na panauma. Ukiuacha mwiba humo humo, panatunga usaha. Katika karne ya 19 madaktari wengi waliamini huko kuvimba ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Aliyewabishia hata daktari hakuwa. Elie Metchnikoff alikuwa mtaalamu wa wanyama, tena wale wadogo wa baharini ambao mvuvi akiwanasa kwenye wavu anawatupa tu.

Alizaliwa Mei 1845 kijijini karibu na Kharkiv, eneo ambalo leo liko Ukraine lakini enzi hizo lilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Chuo kikuu alimaliza masomo ya miaka minne kwa miaka miwili. Akiwa na miaka 22 tu alikuwa tayari anafundisha chuo kikuu mjini Odessa.

Kichwa kilikuwa kikali, ila maisha ya nyumbani yalimtesa.

Mwaka 1869 alimuoa Ludmila Feodorovich, ambaye tayari alikuwa anaugua kifua kikuu. Siku ya harusi bibi harusi alibebwa kwenye kiti hadi kanisani kwa sababu hakuwa na nguvu za kutembea. Kwa miaka minne mume alihangaika kumpeleka kwenye nchi zenye hali ya hewa nzuri, maana dawa haikuwepo. Ludmila alifariki Aprili 1873 katika kisiwa cha Madeira. Metchnikoff, ambaye hata macho yake yalikuwa yanasumbua, alijaribu kujiua. Akanusurika.

Miaka miwili baadaye alimuoa Olga, binti wa majirani. Naye Olga akaja kuugua homa ya matumbo, karibu afe. Mwaka 1881 mume akajidunga damu ya mgonjwa wa homa ile inayoondoka na kurudi, akitaka kufa huku kifo chake kikiisaidia sayansi kujua kama ugonjwa huo unaambukiza kwa damu. Aliugua vibaya sana, akapona tena.

Mwaka huo huo mfalme wa Urusi, Alexander II, aliuawa. Vyuo vikuu viliingiwa na siasa na vurugu. Metchnikoff aliacha kazi Odessa mwaka 1882 na kuhamia Messina, kisiwani Sicily, na familia ya mkewe. Hakuwa na chuo wala cheo. Maabara yake ilikuwa pale pale nyumbani.

Mwishoni mwa mwaka huo, siku moja familia ilitoka kwenda kutazama nyani wa sarakasi. Yeye alibaki na darubini yake, akichungulia watoto wachanga wa kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota. Uzuri wa watoto hao ni kwamba miili yao inapitisha mwanga kama kioo. Unaona hadi seli zinavyotembea ndani.

Alijua tayari kwamba baadhi ya seli hizo humeza chakula. Akajiuliza: kama zinakula chakula, kwa nini zisile na adui anayeingia mwilini?

Basi akatoka bustanini, akachuma miiba midogo ya mti wa waridi, akaichomeka chini ya ngozi ya viumbe wale. Usiku huo usingizi haukuja. Asubuhi na mapema alipochungulia, seli zilikuwa zimejazana kuuzunguka kila mwiba, kama watu waliomzingira mwizi. Viumbe wale hawana damu wala mishipa yake, kwa hiyo seli hazikuletwa na mkondo wowote. Zilitembea zenyewe.

Jina la kisayansi la seli hizo, fagosaiti, limetokana na Kigiriki na maana yake ni seli zinazokula. Alipendekezewa na wasomi wenzake huko Vienna.

Lakini mwiba si ugonjwa, na wapinzani wangelisema hilo haraka. Kwa hiyo akahamia kwa dafnia, kidudu kidogo cha maji baridi ambaye hushambuliwa na kuvu wenye mbegu kali kama sindano. Mbegu zikitoboa utumbo na kuingia mwilini, seli huzivamia na kuzimeza. Zikizimaliza, kidudu kinapona. Mbegu zikiwa nyingi kuliko uwezo wa seli, kuvu husambaa na kidudu kinakufa. Hapo sasa ilikuwa vita kamili, na inaonekana kwa macho.

Madaktari wengi hawakushawishika. Wengine walishikilia kwamba seli nyeupe zikimeza vijidudu zinavibeba tu na kuvisambaza mwili mzima.

Mwaka 1888 Louis Pasteur alimpa maabara katika taasisi yake mpya jijini Paris, na huko Metchnikoff alikaa hadi kufa. Utulivu haukudumu. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, wakiwa Berlin, walionyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyepata kinga yanaweza kumkinga mwingine dhidi ya sumu ya dondakoo na pepopunda. Wajerumani wakasema: mnaona? Kinga iko kwenye majimaji, hizo seli ni wafagiaji tu. Nobel ya kwanza ya tiba, mwaka 1901, ilikwenda kwa Behring.

Kumbe pande zote mbili zilikuwa na haki. Mwaka 1903 Almroth Wright na Stewart Douglas wa London walieleza kuwa kuna vitu kwenye majimaji ya damu vinavyojibandika juu ya bakteria na kuwafanya wamezwe kirahisi zaidi. Yaani majimaji yanatia alama, seli zinakula. Mwaka 1908 Nobel ikagawanywa kati ya Metchnikoff na Paul Ehrlich, Mjerumani wa upande wa majimaji.

Leo inajulikana kwamba usaha kwa sehemu kubwa ni mabaki ya seli nyeupe zilizokufa kazini. Inajulikana pia kwamba ulinzi huu una tundu lake: bakteria wa kifua kikuu, ugonjwa uliomuua Ludmila, anaweza kumezwa na seli hizo na bado akaishi ndani yake kwa miaka.

Uzeeni Metchnikoff aligeukia utumbo. Aliamini bakteria waozeshao chakula tumboni ndio wanaotuzeesha, na kwamba wale wa maziwa ya mgando wanaweza kuwazuia. Akawa anakunywa maziwa hayo kila siku, na habari zikasambaa hadi mtindi ukawa mtindo Ulaya nzima. Ahadi ya maisha marefu aliivuta mbali kuliko ushahidi aliokuwa nao, ingawa uhusiano wa bakteria wa tumboni na kinga unachunguzwa sana na wanasayansi wa sasa.

Moyo ulianza kumsumbua wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vijana wa maabara wakiwa wameitwa jeshini. Alifariki Paris Julai 15, 1916, akiwa na miaka 71. Olga aliandika kitabu cha maisha yake. Majivu yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur.