Wangari Maathai: mama aliyezuia ghorofa 60 lisijengwe bustanini



Leo naomba tumzungumzie mama mmoja wa Kenya. Jina lake wengi mnalijua, lakini kwa ninavyosikia vijiweni tunajua kitu kimoja tu juu yake: alipanda miti, akapewa Nobel. Basi. Kumbe kupanda ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Kilichomtoa jasho, na hata damu, ni kuilinda miti na viwanja vya wazi MJINI, mahali ambapo kila kipande cha ardhi kina mtu anayekimezea mate.

Namsema Profesa Wangari Maathai, aliyefariki tarehe 25 Septemba 2011. Najua baadhi yenu mwaka huo mlikuwa chekechea, ndiyo maana naandika.

Na kuna sababu nyingine, ya kinyumbani zaidi. Misheni yetu ya Tosamaganga ilianzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, halafu baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikashikwa na Wakonsolata wa Kiitaliano waliotokea Kenya. Sasa angalieni: Wangari naye alisomeshwa na masista wa Konsolata kule Mathari, Nyeri, na alipokwenda Marekani akaingia chuo cha masista wa Kibenediktini. Yaani mashirika yale yale mawili. Kwa hiyo mtu wa Tosamaganga akisoma habari za mama huyu, hasomi habari za mgeni.

Tuanze mwanzo. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Mama yake alimfundisha kwamba mti wa mugumo, jamii ya mkuyu, haukatwi wala kuni zake haziokotwi, kwani kwa Wakikuyu ulikuwa mti wa heshima. Karibu na mugumo wa nyumbani kwao kulikuwa na chemchemi, na mtoto Wangari alikuwa akicheza pale na mayai ya vyura akidhani ni shanga. Alipokuja kukua akakuta mti umekatwa kupisha mashamba, na ile chemchemi imekauka. Hakuhitaji profesa wa kumwelezea uhusiano wa mti na maji.

Shule alikuwa kichwa. Akiwa na miaka 11 akapelekwa bweni Mathari, kisha sekondari ya Loreto, Limuru, alikomaliza mwaka 1959. Mwaka 1960 akawa mmoja wa vijana karibu 300 wa Kenya waliopelekwa Marekani kusoma kwa mpango uliosaidiwa na familia ya Kennedy. Akasoma biolojia Kansas, kisha shahada ya pili Pittsburgh. Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, moshi mtupu, na huko ndiko alikowaona kwa mara ya kwanza wakazi wa mji wakidai hewa safi kama haki yao. Mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Akafundisha anatomia ya mifugo, akafika mpaka kuwa mkuu wa idara.

Sasa sikilizeni hii, maana hapa ndipo pana somo. Jaribio lake la kwanza la miti LILIFELI. Miaka ya sabini mumewe aligombea ubunge wa Lang'ata, Nairobi, akaahidi ajira kwa wapiga kura. Wangari akaona ahadi isipotimizwa ni aibu, akaanzisha kampuni ndogo ya kuajiri watu wa kipato cha chini wapande miti na kutunza bustani za matajiri. Kitalu akakiweka msitu wa Karura. Pesa hakuna, usafiri shida, maji shida. Mwaka 1976 akaenda Canada kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi. Aliporudi akakuta miche yake imekauka.

Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na kina mama wa Baraza la Wanawake la Kenya wakaandamana mpaka uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba kwa heshima ya mashujaa saba wa makabila mbalimbali. Hiyo ndiyo siku Green Belt Movement ilipozaliwa. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 2006 aliandika wazi kwamba kati ya ile saba, mitano ilikufa. Saba, ikabaki miwili! Na hao walikuwa watu wenye nia njema kabisa.

Alichofanya baadaye ndicho kilichomtofautisha na wapanda miti wengine. Akabadili utaratibu. Kina mama wa vijijini walifundishwana wenyewe kwa wenyewe kuotesha mbegu za kienyeji, kwenye makopo na vyungu vilivyovunjika, chochote kilichopo. Hawakulipwa kwa kupanda. Walilipwa senti chache kwa kila mche ULIOISHI, baada ya kukaguliwa miezi kadhaa tangu utoke kitaluni. Yaani ukipanda ukaondoka, huna chako. Ukimwagilia, ukazuia mbuzi, unalipwa. Kwa mtindo huo, alipopewa tuzo mwaka 2004, hesabu ya miti ilikuwa imevuka milioni 30.

Huku nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mumewe aliondoka mwaka 1977, na talaka ikatoka 1979 baada ya kesi iliyoanikwa magazetini. Akafungwa siku chache kwa kuidharau mahakama kutokana na maneno aliyosema juu ya hukumu. Alipoambiwa aache kutumia jina la mume, akaongeza herufi moja: Mathai ikawa Maathai. Mama huyo!

Tuje kwenye ghorofa. Nairobi, katikati ya mji, kuna Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969. Kwa mlalahoi wa Nairobi anayeishi chumba kimoja, ile ndiyo bustani yake ya nyumbani. Jumapili unakuta familia zimejilaza kwenye nyasi, watoto wanakimbia, mhubiri anahubiri, mpiga picha anatafuta wateja. Bure kabisa. Mwaka 1989 mwanafunzi mmoja wa sheria akamnong'oneza Wangari kwamba chama tawala, KANU, kwa kushirikiana na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell, kinataka kujenga humo jengo la ghorofa 60, ambalo lingekuwa refu kuliko yote Afrika, na sanamu kubwa ya Rais Moi pembeni yake. Gharama yake ni kama dola milioni 200, na nyingi za kukopa.

Mama akafanya nini? Hakuchoma matairi. Aliandika BARUA. Kwa mkurugenzi wa kampuni, nakala ofisi ya Rais, nakala kwa halmashauri ya jiji, nakala wizara ya mazingira, nakala mashirika ya Umoja wa Mataifa. Akamwandikia balozi wa Uingereza akimuuliza kama Waingereza wangekubali jengo kama hilo lipandishwe Hyde Park, London. Aliwakumbusha watu Central Park ya New York: hekta 341 katikati ya mji wenye ardhi ghali kupindukia, na Wamarekani hawajaijenga. Kama kujenga bustanini ndiyo maendeleo, mbona walioendelea hawafanyi?

Majibu yalikuwa matusi. Novemba 1989 wabunge waliacha shughuli zao wakamjadili yeye, wakamkejeli kwa kuwa ameachika, wakawaita wenzake kundi la wanawake walioachika. Tarehe 12 Desemba, Rais Moi mwenyewe akasema hadharani, humo humo Uhuru Park, kwamba mwanamke wa mila za Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Mahakama ikaitupa kesi yake. Green Belt ikapewa saa 24 kuhama ofisi ya serikali waliyokaa miaka mingi, wakahamishia makabati na mafaili nyumbani kwake.

Kwa hiyo mahakamani alishindwa, bungeni alishindwa. Alishinda wapi? Kelele zile ziliwafikia waliotakiwa kutoa mkopo. Wananchi nao wakaanza kuandika magazetini, wasanifu majengo wakahoji. Wawekezaji wakaogopa. Mwanzoni mwa 1990 mradi ukapunguzwa, kisha ukafa kimya kimya, na mwaka 1992 uzio ukang'olewa. Kina mama wakaingia bustanini wakicheza ngoma.

Mwaka huo huo wa 1992 kona moja ya bustani ile ikawa na kazi nyingine. Akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa pale na Wangari, wakagoma kula, wakidai watoto wao waachiwe. Polisi wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Wangari akapigwa mpaka akazimia. Wakahamia kanisa la All Saints jirani na hapo, wakakaa karibu mwaka mzima, mpaka wafungwa karibu wote wakatoka. Kona hiyo inaitwa Freedom Corner. Ndiyo maana nasema uwanja wa wazi mjini si mapambo. Ukikosa mahali pa kukaa bila kulipa, unakosa pia mahali pa kusimama na kudai.

Halafu Karura. Msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi. Mwaka 1998 ikagundulika vigogo na makampuni wamegawiwa vipande wajenge majumba. Wangari na wenzake wakaenda na miche na madumu ya maji. Tarehe 8 Januari 1999 wakakutana na walinzi wa kukodiwa wapatao mia mbili, wenye mapanga na marungu. Alipasuliwa kichwa. Akaenda polisi kuandikisha maelezo, na sahihi yake akaiweka kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia mtaani. Agosti 1999 Rais akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Na hapa kuna kipande ambacho wengi hukiacha. Karura kuokolewa hakukuifanya itumike. Kwa miaka mingi watu waliogopa kuingia humo kwa sababu ya vibaka. Mwaka 2009 wakazi wakaunda chama cha marafiki wa msitu wakishirikiana na idara ya misitu: wakaweka uzio, walinzi, njia za kutembea, na kiingilio cha kulipia matunzo. Ndipo familia zikarudi.

Desemba 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu kwa asilimia 98 ya kura, akawa naibu waziri wa mazingira. Oktoba 2004 akapata habari za Nobel akiwa njiani Nyeri. Akafanya sherehe kwa namna yake: akachimba shimo, akapanda mti, akiutazama Mlima Kenya. Alipokufa kwa saratani, jeneza lake halikuwa la mbao. Lilikuwa la mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Waombolezaji walikusanyika Uhuru Park, kwenye bustani ambayo bila yeye ingekuwa maegesho ya magari ya wakubwa.

Sasa turudi huku kwetu. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuwezi kuambiwa hatujui kupanda miti. Sao Hill iko Mufindi, paini mpaka macho yachoke. Lakini mti wa mbao una mwenyewe anayesubiri hela. Mti wa mjini kivuli chake ni cha wote, kwa hiyo kiangazi kikifika kila mtu anadhani mwenzake atamwagilia. Hapo ndipo miche ya Iringa na Mbeya inapofia, siyo siku ya kupanda.

Kwa miaka mingi siku yetu ya kitaifa ya kupanda miti ilikuwa 1 Aprili, ambayo kumbe ni siku ya kuzaliwa ya Wangari. Ila kwa mikoa yetu yenye msimu mmoja wa mvua, Aprili mvua zinaaga. Unapiga picha na mche, unaukabidhi kwa jua. Desemba na Januari ndiyo miezi yetu. Na uchaguzi wa mti nao una maana: Wangari alipinga kujaza mikaratusi (wengine tunaita milingoti) kwenye vyanzo vya maji, kwa sababu inakunywa sana. Mtaa hauhitaji mti wa nguzo, unahitaji mti wa kivuli.

Kingine ni karatasi. Mji una mchoro wa mipango miji, na mchoro unaonyesha wapi ni makazi na wapi ni eneo la wazi. Kijana anayeweza kukaa mbele ya kompyuta saa nzima anaweza pia kwenda ofisini kuuliza uwanja wa mtaa wake umeandikwa nini kwenye mchoro, na kuandika barua ikiwa mawe na mchanga vimeanza kumwagwa usiku. Uliza MAPEMA. Wangari alijua habari za Uhuru Park kabla jiwe la msingi halijawekwa, ndiyo maana aliwahi. Nyumba ikishafika lenta, hata Nobel haitakusaidia.

Na mfano wake haujafa. Mwaka 2020 mugumo mmoja mkubwa wa Westlands, Nairobi, ulikuwa ukatwe kupisha barabara mpya. Watu wakapiga kelele, mti ukaachwa umesimama. Mti mmoja tu, lakini kwenye mji hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda: mti mmoja, uwanja mmoja, barua moja.

Haya wadau, uwanja wangu mimi ni huo. Mtaani kwako kuna eneo gani la wazi, na nani analitunza? Aliyepanda mti mjini ukafika miaka mitano atuambie alifanyaje. Na anayeona bora tujenge fremu za maduka kuliko kubaki na nyasi, naye aseme, tubishane kwa hoja. Nafasi ya maoni iko hapo chini.