Mathe aliyetegua kitendawili cha nyuklia, Nobel ikabebwa na msee mwingine

Kama uko campo pale Nchiru, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, hii stori unaijua: unakesha na kazi ya grupu, halafu jamaa mwingine anakula sifa zote. Basi cheki ya Lise Meitner, yake ilikuwa noma zaidi.

Alizaliwa Vienna, Austria, 1878. Enzi hizo shule ya wasichana iliishia miaka 14. Yeye alikomaa hadi akapata udaktari wa fizikia 1906. Mwaka uliofuata akahamia Berlin kufanya utafiti na mwanakemia Otto Hahn. Kwa vile ni mwanamke, akawekwa chumba cha chini kilichokuwa karakana ya seremala.

1938 Hitler akachukua Austria. Familia ya Lise ilikuwa ya Kiyahudi, so ilibidi atoroke Ujerumani na maki 10 tu mfukoni. Akaishia Sweden.

Desemba hiyo Hahn akamwandikia barua. Yeye na Fritz Strassmann walikuwa wamepiga urani na nyutroni, wakapata bariamu. Imetoka wapi? Hawakuelewa. Lise na mpwa wake, Otto Frisch, wakatoka kutembea kwenye theluji, wakaketi kwa gogo, wakaanza hesabu.

Iko hivi. Kiini cha urani ni kama tone kubwa la maji. Nyutroni ikiingia, kinatikisika, kinavutika, kinakatika vipande viwili. Urani ina protoni 92. Bariamu inabeba 56, kriptoni 36. Jumlisha: 92 kamili! Lakini vipande vyote ukivipima, uzito umepungua kiasi. Hicho kilichopotea ndicho kimegeuka nishati. Na bado nyutroni mbili au tatu zinaruka nje kupasua viini vingine. Ndiyo maana kilo 1 tu ya urani-235, ikipasuka yote, inatoa nishati kuliko tani 2,000 za makaa ya mawe.

Nobel ya Kemia ya 1944? Ilienda kwa Hahn peke yake. Lise aliitwa kutengeneza bomu, akakataa katakata. Alifariki 1968 huko Cambridge, Uingereza, bila hiyo tuzo. Baadaye elementi nambari 109 ikapewa jina lake.

Kenya bado inapanga kinu chake cha nyuklia. Siku stima hiyo ikiwaka, mkumbuke huyu mathe. Na kazi ya grupu ijayo, usisahau kuandika jina la yule dem aliyepiga hesabu.