Ludwig Purtscheller

Ludwig Purtscheller (Innsbruck, 6 Oktoba 1849 – Bern, 3 Machi 1900) alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo na mpanda milima kutoka Austria.

Alifundisha mjini Salzburg. Wakati wa likizo alipanda milima ya Alpi, mara nyingi bila kiongozi wa kulipwa, jambo lililokuwa nadra siku zile.

Tarehe 6 Oktoba 1889, siku alipotimiza miaka 40, yeye na Mjerumani Hans Meyer walifika kilele cha Kibo, Kilimanjaro (mita 5,895), wakiwa watu wa kwanza wanaojulikana kufika huko. Kisha walijaribu kupanda Mawenzi, wakashindwa kufika kileleni.

Mwaka 1899 aliumia vibaya kwenye mlima Aiguille du Dru, Ufaransa, akafariki miezi michache baadaye. Kilele kimojawapo cha Mawenzi kina jina lake.