Tom Mboya na thamani ya kuwa na sauti

Likizo iliyopita nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja karibu na kwetu Katito. Mwanafunzi mmoja alisimama kuuliza jinsi fedha za maabara zilivyotumiwa, akaamrishwa kuketi kabla hajamaliza swali lake. Wazazi tulinyamaza. Nami, ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu, nilinyamaza pamoja nao. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimkumbuka Thomas Joseph Mboya, aliyezikwa Rusinga, kisiwa ambacho msafiri wa barabara atokaye Kisumu hukifikia kwa kupitia papa hapa Katito.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, mzaliwa wa Rusinga, alikuwa akifanya kazi. Alisoma Kabaa, Yala na Mang'u, na katika safari hiyo alijifunza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili juu ya Kidholuo cha wazazi wake. Hapana shaka kwamba lugha hizo zilimfaa baadaye kuliko cheti chochote. Umaskini ulimkatiza masomo, akaenda Kabete kusomea ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi kwa mshahara uliokuwa sehemu moja ya tano ya ule wa mwenzake Mzungu.

Siku moja, akiwa peke yake kazini, aliingia mwanamke Mzungu aliyeleta maziwa yapimwe. Mboya alimwamkia. Mwanamke yule alitazama huku na huko, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu. Kisa hiki Mboya alikisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1963. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo mzizi wa maisha yake: asiye na sauti hahesabiwi kuwa yupo, hata akiwa amesimama mbele ya macho ya watu.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na chama cha KAU kupigwa marufuku mwaka uliofuata, sauti ya Mwafrika iliyosalia kisheria ilikuwa ya vyama vya wafanyakazi. Mboya, akiwa kijana wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma, alikwenda kuwasemea, na mishahara yao ikaongezwa. Hakutumia matusi wala mawe. Alikwenda na hesabu, hoja, na umoja wa wafanyakazi nyuma yake.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa 8 tu, ilhali walowezi wachache walikuwa na 14. Mboya alishinda kiti cha Nairobi, na wote wanane wakakataa uwaziri hadi viti viongezwe. Dai hilo halikuwa geni. Wamarekani wa karne ya 18 walikataa kutozwa kodi na Bunge la Uingereza ambamo hawakuwa na mjumbe. Nasi huku Nyanza, mwaka 1921, watu walikutana Lundha, Gem, kulalamikia kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Vuguvugu lao liliitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo bila kusimama: mtendaji wa kitenzi ni nchi nzima.

Desemba 1958 Mboya, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 iliondoka kwenda Marekani kwa juhudi zake. Alijua kwamba sauti ya mtu mmoja hufa naye, bali elimu huzaa sauti nyingine.

Hata hivyo, haifai kumfanya malaika. Wamarekani wale waliodai uwakilishi waliwanyima watumwa na wanawake haki hiyo hiyo. Mboya naye, akiwa waziri na katibu mkuu wa KANU, alikuwa mstari wa mbele mwaka 1966 katika mbinu zilizomsukuma Oginga Odinga na wenzake nje ya chama. Aliyetafuta sauti kwa jasho alisaidia kubana ya wengine. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi mchana mjini Nairobi, akiwa na miaka 38. Kaburi lake Rusinga limejengwa kwa umbo la risasi.

Walimu wenzangu, nchi isiyovumilia swali la mtoto kuhusu maabara itavumiliaje swali la raia kuhusu kodi? Uoga huo hauanzii bungeni. Huanzia darasani na katika mikutano kama ule wetu. Muhula ujao nitarudi katika shule ile. Nitaomba mwanafunzi yule apewe nafasi ya kumaliza swali lake, na nitaomba hivyo nikiwa nimesimama.